Wenye kampa wanataka pa kukaa mwezi, nyinyi mnawapigia hesabu ya usiku

Mhariri,

Assalaam aleikum na pole na kazi. Mie ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko huku barabara ya Lamu hapa Malindi, na naandika kwa sababu nimechoka na simu. Sisemi simu za kazi, hizo Mungu azizidishe, nasema simu za watu wanaotafuta pa kuegesha nyumba zao za magurudumu, yaani kampa, wakae mwezi, miezi miwili, na wote naona wamepewa namba yangu na mtu mmoja kwa sababu eti "yule fundi anajua watu". Najua watu kweli. Lakini mahali pa kuwaweka sina, na kila nikipiga simu huku na huku kuwaulizia najibiwa bei ya usiku.

Hiyo bei ya usiku ndo ugomvi wangu na wenye maploti. Kaskazi ilipoanza walikuja mtu na mkewe, Wajerumani, wazee wa miaka sabini hivi, na lori lao limejengwa nyumba mgongoni, betri za nyumba zilikuwa hazishiki chaji. Nilipomaliza kazi mzee akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "fundi, wapi sisi kaa mpaka mwezi wa pili?" Walikuwa wameshazunguka siku tisa. Hoteli moja iliwakubalia wakae uani nyuma ya jikoni kwa 2,500 usiku mmoja, mzee akauliza je tukikaa siku sitini, karani akatoa simu akapiga 2,500 mara 60 akamwonyesha laki moja na nusu, na akatabasamu kabisa kama mtoto aliyepata hesabu. Hesabu ilikuwa sawa, sikatai. Lakini kwa hela hiyo miezi miwili si unapanga nyumba nzima hapa mjini na mlimau wako uani? Na hawa wanakuja na kitanda chao, jiko lao, choo chao, wewe unawapa mchanga na kivuli tu.

Mgeni wa usiku mmoja ana gharama zake, leo afika kesho atoka, ufue mashuka, umfungulie geti saa nane, umtafutie chenji. Mgeni wa mwezi anafagia mwenyewe. Wiki ya kwanza ni mgeni, wiki ya pili anajua mama mahamri ni nani na samaki wabichi wanashuka saa ngapi, wiki ya tatu anatengeneza viatu kwa fundi viatu wa mtaani na gari kwangu. Alafu usisahau kwamba kusi ikivuma, Mei na Juni, mwani umejaa ufuoni, mahoteli kadhaa yamefunga na wafanyakazi wamerudishwa nyumbani, ploti yako iko tupu inaota magugu. Mtu akikupa bei ya mwezi wakati huo unakataa kwa sababu gani?

Bin ami yangu yuko Marekani, anaendesha malori, na miaka minne aliishi ndani ya trela lake la kuvuta, kwa hiyo haya mambo kwake si hadithi. Anasema kule kambi za serikali, za majimbo na za misitu, nyingi zinakuwekea mwisho siku 14, zikiisha unahama. Anayetaka mwezi anakwenda kwa watu binafsi, kuna viwanja vya magari tele vya watu binafsi, na bei zao ni tatu, ya siku, ya wiki na ya mwezi, na ya mwezi ukiigawa kwa siku iko chini sana kuliko ile ya siku. Ila umeme kwa mgeni wa mwezi mara nyingi hesabu yake ni mbali, unasomewa mita yako unalipa ulichotumia. Kwenye kituo chako unakuta vitu vitatu, bomba la maji, boksi la umeme la ampea 30 au 50, na bomba la maji taka unachomeka mpira wako basi, wao wanaita ful hukapu. Watu wa kaskazi yao, wazee wanaokimbia baridi, wanashuka Florida, Arizona na kusini ya Texas kama wale ndege wa Mida wanaokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya, na msimu huo usipokuwa umeweka nafasi mapema unalala kwenye maegesho ya duka. Viwanja vingine vina masharti ya ajabu, gari likipita miaka kumi halikubaliwi, vingine lazima uwe umepita miaka 55. Nikamwambia huku kwetu gari la miaka kumi ndo jipya.

Nilimuuliza we ulikuwa unachaguaje, akaniambia picha haziangalii hata siku moja. Anafika magharibi, anazunguka kiwanja kwa miguu, anaongea na mtu aliyekaa pale zaidi ya mwezi, kwa sababu yule wa jana hajui kitu, na anauliza maswali mawili, usiku kunapita nini na maji yakikatika mwenyewe anafanya nini. Viwanja vingi vya kule vimekaa ubavuni mwa reli au barabara kuu kwa sababu ardhi yake ni rahisi, mchana huoni shida, saa nane za usiku treni inapiga honi mpaka vikombe vinacheza. Sisi treni Malindi hatuna lakini tuna baa yenye spika, tuna jenereta ya jirani, tuna posho mill ya kusaga unga. Adhana ya alfajiri sihesabu, hiyo mgeni akae ataizoea.

Sasa niseme ya umeme kwa sababu ndo kazi yangu na ndo watu wanapounguza vitu. Hapa kwetu ni volti 240, soketi za pini tatu za ampea 13. Piga hesabu, 13 mara 240 haifiki ata wati 3,200, na hiyo ni kama waya ni mzima. Mgeni akiwasha AC ya gari na birika la umeme kwa pamoja, soketi inanuka. Kampa za Ulaya hazina tabu sana, nazo ni volti 230, kinachotakiwa ni plagi tu ya kubadilisha na waya mnene wa milimita 2.5, sio ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu mliyoivuta kutoka jikoni ikapita juu ya mchanga na maji ya kunawia. Shida ni kampa ya Kimarekani. Ile ni volti 120. Aliletwa kwangu jamaa mmoja na kampa yake imezima kabisa, fundi mwenzangu sitamtaja aliangalia ndani akaona boksi limeandikwa ampea 50 na 240, akasema ahaa hii ni kama yetu, akachomeka. Kumbe ile 240 yao ni nyaya mbili za moto, kila mmoja ni 120 ukipima na nyutro, ule waya usio na moto, vyombo vya ndani vyote ni vya 120. Maikrowevu ilikufa, chaja ya betri ikafa, yule bwana akabaki anatazama moshi. Dawa yake ni transfoma ya kushusha, na ata hapo bado umeme wao unapiga mara 60 kwa sekunde, ndo hezi 60, na wetu ni 50, kuna mota hazipendi. Kwa hiyo mwenye ploti, mgeni wa Marekani akija usimwambie "umeme upo" ukanyamaza hapo.

Na tokeni za umeme, wekeni sabmita, yaani mita ndogo ya mgeni peke yake. Wallahi nusu ya ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba mji huu ni tokeni, we unasema mgeni kamaliza, mgeni anasema friji lenu lile la soda. Sabmita moja ya bei nafuu inamaliza maneno, asubuhi ya kwanza mnasoma pamoja mnapiga picha.

Wengi watakwambia hatutaki umeme wako tuna sola. Sawa. Lakini sola inataka jua na binadamu anataka kivuli, na Malindi mwezi wa pili ukimwambia mtu aweke bati lake juani siku nzima si umeamua kumchoma kama mkate? Hapa niliwakuta wale Wajerumani wenyewe wanagombana, mke anataka chini ya mwembe, mume anataka nje palipo peupe. Nilichowafanyia ni kuwatolea waya mrefu na paneli mbili za kulaza chini, gari likakaa kivulini paneli zikakaa juani, kazi ya nusu siku. Lakini nikisema mwembe nasema mwembe au mkwaju au mkorosho. Mnazi usimwegeshee mtu chini yake ata kama picha inapendeza. Kwa shangazi yangu dafu lilishuka usiku likapasua taa ya paa ya kampa, lingeshuka hatua moja kando lingempata mtu kichwani, na nazi zilikuwa zimeanguliwa siku chache nyuma, yaani mkwezi aliliacha moja tu.

Maji nayo. Visima vyetu vya huku karibu na bahari vina chumvi, mwenyeji anajua anaogea na kufulia, mgeni anajaza tangi lake kisha anashangaa kahawa ina ladha gani, na pampu yake inaota kutu. Maji ya bomba yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, matamu, lakini siku za kutoka na siku za kutotoka mnazijua wenyewe. Kwa hiyo mwambie mgeni mapema, hili bomba la kisima, hili la tangi, na bauza, lile lori la maji, likija linaleta kiasi fulani kwa bei fulani. Lori la wale wazee tangi lake ni lita 300 na walisema linawatosha siku tano wakibana. Hiyo si maji mengi, familia yangu inamaliza hiyo kwa siku moja na bado watu wanalalamika.

Jambo ambalo watu wanaona haya kuuliza ni choo, na mie nasema ndo la kwanza kuulizwa. Kampa nyingi za Ulaya zina choo cha kaseti, ni kama kidumu kipana cha lita 20 hivi kinatolewa kwa nje, na kila siku mbili tatu lazima kimwagwe mahali. Wapi? Hapo ndo mwenye ploti anaonyesha mkono kule nyuma, "mwaga kule". Kule wapi, jamani. Ardhi yetu chini ni mawe ya matumbawe, yana matundu kama sponji, unachomwaga huku leo kesho kutwa kiko kwenye kisima cha jirani. Na ile dawa ya buluu wanayotia kwenye kaseti ikiwa ni ya kemikali kali inaua wale wadudu wadogo wanaokula uchafu ndani ya septik, lile shimo la maji taka, septik ikifa inajaa haraka na harufu ni yako wewe si ya mgeni aliyeondoka. Kwa hiyo wenye ploti wawe na septik ya maana, mbali na kisima, na mgeni aambiwe atumie dawa isiyoua wadudu au asitie kabisa akimwaga mara kwa mara. Eksosta, lori la kunyonya uchafu, likija muelewane mapema nani analipa. Maji ya kuoshea vyombo hayo si mabaya sana, yapelekeni kwenye migomba.

Geti na njia pimeni. Usimwambie mtu njoo wakati lori lake lina urefu wa mita tatu na nusu kwenda juu na waya wa umeme wa jirani umening'inia mita tatu. Na mchanga, mabwana, mchanga. Lori la tani nane likiingia kwenye mchanga wa ufuoni linazama mpaka ekseli, mtalipa trekta kulitoa. Mwageni kifusi cha mawe hapo geti na mahali pa magurudumu, inatosha. Watu wanadhani mgeni lazima aone bahari ndo atoe hela, lakini kaskazi inasukuma maji mekundu ya Sabaki mpaka ghuba yetu, huyo wa bahari utamwonyesha nini? Ganda kuna mashamba mazuri yenye kivuli, Kakuyuni pia, tuktuk ikampeleka pwani anapotaka.

Sasa niongee na upande wa pili, wanaotafuta, kwa sababu nao wana makosa yao. Kosa kubwa ni kutuma hela kwa mtu hawajamuona. Hapa Malindi kuna majumba mengi ya Waitaliano ambayo nusu ya mwaka yamefungwa, mwenyewe yuko kwao, amebaki askari wa mlangoni na mbwa. Askari anakodisha bustani ya tajiri wake. Si hadithi, nimefika mie mwenyewe kutengeneza taa za gari la familia moja ya Waholanzi iliyokaa kwenye bustani kama hiyo wiki tatu kwa raha zao, Desemba tajiri akashuka kutoka ndege na mabegi yake akawakuta wameanika chupi kwenye mabougainvillea yake, na askari simu imezimwa. Walikuwa wamelipa miezi miwili mbele. Kwa hiyo uliza mwenye mji ni nani, ukutane naye au uongee naye, angalia jina linalotokea kwenye M-Pesa kama ndo hilo hilo, pitia kwa mzee wa mtaa au chifu, haina gharama. Lipa wiki ya kwanza, kaa, sikiliza usiku, alafu ndo mzungumze mwezi. Na muandikiane ata kwenye karatasi ya daftari, bei ya mwezi, umeme mbali au pamoja, maji kiasi gani, mgeni wa mgeni anaruhusiwa au la, ukiondoka kabla ya siku hela inarudi kiasi gani.

Na wahesabu siku zao. Tangu Januari 2024 visa imeondolewa ikaletwa eTA, kibali cha kuingia nchini unachoombea kwenye intaneti, inampa mtu hadi siku 90, miezi miwili inaingia vizuri lakini ukijumlisha na wiki alizopoteza Nairobi na Naivasha anajikuta amebana. Gari nalo lina karatasi zake na tarehe zake tofauti na za pasipoti, watu wengi wanasahau hilo wanakumbuka mpakani.

Wanaouliza Lamu nawajibu hivi. Kisiwani gari haliingii na lingeingia lingepita wapi, punda mwenyewe anapita kwa kuomba njia. Gari linaishia Mokowe, unaliacha kwa ulinzi unavuka kwa boti, na kama nyumba yako ndo hilo gari sasa utalala wapi? Kwa mgeni wa mwezi bora gari likae Malindi, aende Lamu kwa basi siku nne tano kupitia Garsen na Witu, lami ipo, arudi. Na aulize hali ya usalama kabla hajatoka, dereva wa basi anajua kuliko mimi.

Hizi sehemu zinawezekana, sitaki mtu aniambie ni mambo ya Ulaya. Nairobi kuna Jungle Junction, wasafiri wa magari Afrika nzima wanaitaja, ufuo wa Tiwi kusini ya Mombasa kuna Twiga Lodge watu wanaegesha wiki na wiki. Malindi na sifa zake zote za utalii mgeni wa namna hii anaishia kuniuliza mie nikiwa chini ya boneti.

Wale wazee mwishowe niliwapeleka kwa shangazi yangu, Ganda, kiwanja cha marehemu mjomba chenye miembe sita. Shangazi alikataa kwanza, akasema mwanangu hawa watakula nini, nikamwambia shangazi watapika wenyewe, akasema basi watanidharau choo changu, nikamwambia wana chao. Tukaelewana 20,000 kwa mwezi, tokeni mbali kwa sabmita, bauza mgeni analipa lake. Yalitokea mambo, mbuzi alitafuna kamba ya turubai lao, lile dafu nimeshalisema, na kunguru waliiba sabuni mara mbili tatu mpaka mzee akaanza kuwahesabu. Lakini saa hizi yule mama wa Kijerumani anakuna nazi kwenye mbuzi wa shangazi na anakuna vibaya, shangazi anamrudia, "polepole, usikune mpaka kifuu", wanacheka.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Kule kwenye ukurasa wa matangazo mnaweka vyumba vya kupanga, mashamba, magari ya kuuza. Tengenezeni kipande cha maegesho ya mwezi, mwenye ploti aandike vitu vitano tu, bei ya mwezi, maji gani, umeme wa ampea ngapi, choo kinamwagwa wapi, na geti lina upana gani. Na kaunti wakitaka kusaidia wasijenge ofisi, wachimbe mahali pamoja pa kumwaga kaseti na waweke bomba, wawatoze watu mia mbili mia mbili. Mwenye ploti anayetaka kuanza na hajui soketi yake inabeba kiasi gani anipitie gerejini, nitaenda kumkagulia, nauli ya boda tu ndo ataitoa. Leseni za biashara aulize kaunti kabla hajapokea mtu, hilo mie si fundi wake.

Shangazi ameniambia nikiandika niseme ana nafasi ya gari moja zaidi kuanzia Machi, isiwe ya watu wenye mbwa.

Fundi umeme,
Malindi